Shule za Mkataba Marekani: Foleni Ndefu, na Bado Wanatangaza

Jioni moja mama mmoja mzaliwa wa Uvira, mashariki mwa Kongo, anayeishi sasa na watoto wake wanne katika mji mmoja wa Marekani, alinitumia picha tatu kwa WhatsApp. Zilikuwa picha za kadi ngumu zilizoletwa na posta wiki ileile. Kila kadi ilikuwa na mtoto anayecheka, sare iliyopigwa pasi, na maneno makubwa ya Kiingereza. Sauti iliyofuata ilikuwa ya furaha: "Kaka, shule tatu zimemwita mtoto wangu. Nichague ipi?"

Nilizisoma kadi zile mara mbili kabla ya kumjibu. Hakuna hata moja iliyomwita mtoto wake. Zilisema nafasi ni chache, mzazi awahi, na siku ya mwisho ya maombi ni tarehe fulani. Moja ilijisifu kuwa na orodha ndefu ya wanaosubiri. Nilipomweleza, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kama watu wamejaa mlangoni hivyo, mimi wananitafutia nini?"

Ni swali zuri, na ndilo linalonifanya niandike. Kwa zaidi ya miaka 15 shule za mkataba za Marekani zimekuwa zikitoa habari mbili kwa wakati mmoja. Habari ya kwanza ni kwamba wazazi wanaozitaka ni wengi kuliko viti. Ya pili, ambayo haisemwi kwa sauti, ni kwamba zinatumia fedha nyingi kuwatafuta wazazi haohao. Wapinzani wao huona uongo hapo. Watetezi wao huona juhudi njema ya kuwafikia maskini. Mimi naona mfumo unaofanya mambo yote mawili yawe kweli kwa pamoja, na mzazi asiyejua unavyofanya kazi ndiye anayepotea njia.

Tuanze na shule zenyewe. Shule ya mkataba, au "charter" kama wenyewe wanavyoiita, ni shule ya umma kwa maana ya fedha: inalipwa na serikali na mzazi hatoi ada. Lakini haiendeshwi na ofisi ya elimu ya wilaya. Ina bodi yake, na bodi hiyo imetia saini mkataba na mamlaka ya jimbo au mji, kwa kawaida wa miaka kadhaa. New York ni miaka 5. Ikishindwa kutimiza iliyoahidi, mkataba unaweza kufutwa na shule ikafungwa. Jimbo la kwanza kupitisha sheria ya namna hii lilikuwa Minnesota mwaka 1991, na shule ya kwanza, City Academy, ilifunguliwa St. Paul mwaka uliofuata. California ikafuata 1992, New York mwishoni mwa 1998. Leo shule hizi zina wanafunzi zaidi ya milioni 3.

Mambo mawili katika muundo huo ndiyo yanayozaa kadi za posta. Kwanza, fedha humfuata mtoto. Msomaji wa Kenya anajua kapitesheni, ile fedha inayotumwa shuleni kulingana na idadi ya wanafunzi. Hapa wazo ni hilohilo, ila kiasi ni kikubwa mno. Katika Jiji la New York, miaka ya karibuni, mtoto mmoja huiletea shule ya mkataba zaidi ya dola 17,000 kwa mwaka, na shule hudai malipo hayo kila baada ya miezi miwili kulingana na watoto walioandikishwa. Pili, shule ya mkataba haina mtaa wake. Shule ya kawaida ya jirani hupokea watoto wa eneo lake hata kama haikufungua mdomo. Shule ya mkataba huanza na madarasa matupu. Kila mtoto aliyeketi pale, kuna mtu aliyemleta.

Chukua darasa lenye viti 25. Mwalimu ameshaajiriwa, taa zinawaka, kodi ya jengo imelipwa. Wakija watoto 20 badala ya 25, gharama hazipungui kwa kitu cha maana, lakini mapato yanapungua kwa zaidi ya dola 85,000. Mkurugenzi mwenye akili timamu atakubali kutumia dola elfu moja, hata elfu mbili, kumpata mtoto mmoja wa kujaza kiti kile. Hapo hakuna njama yoyote. Ni hesabu ya duka, iliyoingizwa shuleni na watunga sheria kwa makusudi, kwa sababu waliamini kwamba shule zikigombea wazazi zitaboreka.

Lakini hii inaeleza matangazo ya shule yenye viti vitupu. Ile yenye foleni je?

Hapa inabidi tutazame foleni inavyotengenezwa. Sheria haziruhusu shule ya mkataba kuchagua watoto kwa mtihani au kwa sura. Maombi yakizidi nafasi, lazima ipigwe kura ya bahati nasibu, na ndugu wa wanafunzi waliopo hupewa kipaumbele. Siku hizi kompyuta ndiyo inayochanganya majina, lakini miaka ya mwanzo kura zilipigwa hadharani. Huko Harlem, eneo la Jiji la New York, mtandao wa shule ulioanzishwa mwaka 2006 na Eva Moskowitz, aliyewahi kuwa diwani wa jiji hilo, ulikuwa ukijaza ukumbi mkubwa kwa maelfu ya wazazi. Jina likiitwa, familia moja inaruka kwa shangwe. Mamia waliobaki wanashika mikono ya watoto na kutoka nje. Picha za kura za namna hiyo zilizunguka nchi nzima na kuingia kwenye filamu. Aliyeziona hakuhitaji takwimu tena. Mtandao huo leo unaitwa Success Academy, na ndio mkubwa kuliko yote jijini humo.

Walioshindwa kura huingia kwenye orodha ya wanaosubiri, na orodha hiyo ndiyo inayotangazwa. Sasa fanya hesabu hii pamoja nami. Mji una shule 5 za mkataba, kila moja ina viti 200. Jumla viti 1,000. Watoto wanaotaka shule hizo ni 1,000 kamili. Kwa kuwa kuomba ni bure na humaliza dakika chache mtandaoni, kila mzazi anaomba shule zote 5, kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya. Kila shule inapokea maombi 1,000, inachukua watoto 200, na inaandika majina 800 kwenye orodha. Ukijumlisha orodha zote 5 unapata majina 4,000 "yanayosubiri". Lakini kuna kiti kwa kila mtoto. Baada ya wiki chache, wazazi wakishaamua, wale waliopata nafasi tatu wakaachia mbili, na kila aliyekosa mara ya kwanza akaitwa, hakuna hata mtoto mmoja aliyebaki nje. Orodha ya majina 4,000, na upungufu ni sifuri.

Mji halisi hauendi kwa unyoofu huo, lakini jambo lenyewe lipo, na limepimwa. Mwaka 2014 muungano wa kitaifa wa shule za mkataba ulitangaza kwamba majina zaidi ya milioni 1 yako kwenye orodha za kusubiri nchini kote. Muungano wenyewe, kwa haki yake, ulikiri kwamba ukiondoa majina yanayojirudia wanabaki watoto wasiopungua 586,000 hivi. Vichwa vya habari vilichukua ile milioni. Mwaka huohuo watafiti Kevin Welner na Gary Miron walitoa waraka wenye sababu tisa za kuzitilia shaka namba hizo. Mwezi Desemba, mkaguzi mkuu wa jimbo la Massachusetts, Suzanne Bump, alitoa ripoti iliyoonyesha kwamba orodha za jimbo lake hazikuwa sahihi: majina yalijirudia, na mengine yalikuwa yamehamishwa kutoka miaka iliyotangulia. Mtoto aliyeomba miaka miwili nyuma, akapata shule nyingine na kuizoea, bado alikuwa "akisubiri" kwenye karatasi.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mama wa Uvira ni hili: foleni uliyoisoma kwenye kadi ina watu ndani yake waliosimama kwenye foleni tano. Shule inajua hivyo. Inajua kwamba sehemu kubwa ya watakaopewa nafasi Aprili hawatatokea Agosti. Ili ijaze viti 200 inaweza kulazimika kuita watoto 350 au 400, ikiteremka kwenye orodha jina baada ya jina hadi wiki ya kufungua shule. Orodha ndefu kwake ni akiba, kama mama ntilie anayejua kwamba wateja ishirini wameulizia wali lakini hajui ni wangapi watarudi na sahani.

Jibu la pili ni zito zaidi, na kwa maoni yangu ndilo watu hawalisemi vya kutosha. Orodha yenyewe ina thamani, hata kama haitaleta mtoto mmoja zaidi darasani.

Tazama New York. Sheria ya jimbo iliweka kikomo cha idadi ya shule za mkataba: 100 mwanzoni, ikapandishwa hadi 200 mwaka 2007, kisha 460 mwaka 2010. Kila mara mabishano yalipofika bungeni Albany, mji mkuu wa jimbo, hoja ya kwanza mezani ilikuwa foleni: maelfu ya wazazi wanalia, na ninyi mmefunga mlango. Mwaka 2014 ikapita sheria inayoutaka mji uzipe shule mpya za mkataba, na zile zinazopanuka, nafasi kwenye majengo ya umma au uzisaidie kulipa kodi. Hapo tena foleni ilizungumza. Mwaka 2016 Massachusetts iliwauliza wapiga kura kama kikomo chake kiongezwe, na kampeni ya kuunga mkono ilijengwa juu ya makumi ya maelfu ya watoto wanaosubiri. Wapiga kura walikataa, takriban asilimia 62 kwa 38. Nadhani ile ripoti ya mkaguzi ilichangia kuipunguzia foleni makali yake, ingawa yalikuwepo mengine mengi, hasa hofu ya wilaya kupoteza fedha.

Wako pia wanaokopesha. Shule ya mkataba ikitaka kujenga, mara nyingi huuza hati fungani, na wakadiriaji wa mikopo wanaopima kama italipa huangalia, pamoja na mambo mengine, urefu wa orodha ya wanaosubiri. Orodha ndefu huonyesha kwamba mapato hayatakauka, na mkopo huwa rahisi kidogo. Wafadhili nao hupenda kuweka fedha mahali penye msongamano. Ukiweka yote haya pamoja, dola iliyotumika kupata ombi moja zaidi haipotei hata kama mtoto huyo hatapata kiti. Ombi lake limeongeza namba, na namba itatembea hadi bungeni, benki na kwa mfadhili. Huyo mtoto ameifanyia shule kazi bila kuingia darasani.

Ndiyo maana Harlem ya mwaka 2010 ilikuwa na hali ya kushangaza. Mtandao wa Moskowitz ulikuwa ukitumia mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka kwa vipeperushi, mabango na watu wa kugonga milango, na wakati huohuo wakuu wa shule za kawaida za mtaa uleule walikuwa wakitoa nakala za vipeperushi kwa fedha ndogo waliyoipata hapa na pale. Ushindani haukuwa wa kufundisha peke yake. Mmoja alikuwa na idara ya masoko, mwingine alikuwa na mashine ya kurudufu.

Zaidi ya hapo, mji wenyewe ulizisaidia shule za mkataba. Tangu enzi za meya Bloomberg, shule za mkataba ziliweza kutuma kadi kwa familia za shule za umma kupitia kampuni ya barua yenye anwani za wanafunzi wa wilaya. Shule hazikuona anwani. Zililipa, kampuni ikatuma. Wazazi wengi walikasirika kwamba taarifa za watoto wao zinatumika kuwavuta kwingine. Mwaka 2019 meya Bill de Blasio alitaka kuusitisha utaratibu huo, kisha akalegea: uendelee, ila mzazi asiyetaka aruhusiwe kujitoa. Kujitoa kunadai ujue kwamba uliingizwa. Mama anayesoma Kiswahili na Kifaransa atajua kwa barua ipi?

Ukitaka kuona matangazo yakiwa uchi kabisa, nenda kwenye shule za mkataba za mtandaoni, ambako mtoto anasoma nyumbani kwa kompyuta. Huko hakuna ukuta, kwa hiyo viti havina mwisho, na kila mtoto anayeongezeka ni mapato mapya. Gazeti la USA Today lilichunguza mwaka 2012 na kukuta kampuni kubwa kuliko zote za aina hiyo, K12 Inc., ilitumia takriban dola milioni 21.5 kwa matangazo katika miezi 8 ya kwanza ya mwaka huo. Sehemu ya fedha hizo ilikwenda kwenye vituo vya katuni: Nickelodeon na Cartoon Network. Tangazo la shule linarushwa mtoto akiwa peke yake mbele ya televisheni, ili yeye ndiye aende kumwomba mama. Fedha hizo chanzo chake ni kodi iliyotolewa kwa ajili ya masomo, na hapa sioni haja ya kupima maneno: ni vibaya.

New Orleans inafundisha upande mwingine. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, karibu mfumo wote wa shule za mji ule uligeuzwa kuwa wa mkataba. Mtafiti Huriya Jabbar aliwahoji viongozi wa shule 30 wa mji huo wanavyoshindana, na utafiti wake ukatoka 2015. Wengi walijibu ushindani kwa kujitangaza. Wachache zaidi waligusa ufundishaji. Mmoja alimwambia waziwazi kwamba kila mtoto ni fedha. Lakini lililonigusa ni shule zilizofanya kinyume: zilikuwa na viti vitupu na zikanyamaza. Hazikutangaza nafasi katikati ya mwaka kwa sababu mtoto anayetafuta shule wakati huo huenda ametolewa kwingine, au amehamahama, au ana alama za chini, na ataishusha shule kwenye mtihani wa jimbo. Matangazo, basi, huchagua. Bango likiwekwa kituo hiki cha treni na si kile, kadi ikiandikwa kwa lugha hii na si ile, shule imeshaanza kuchagua watoto kabla ya kompyuta kuchanganya jina lolote. Ukimya pia huchagua.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Kuna familia ambazo zisingejua lolote bila kadi hizo. Mzazi mwenye shahada na marafiki wenye watoto shuleni hupata habari kwenye mazungumzo ya jioni; mkimbizi aliyefika juzi hana mazungumzo hayo, na kipeperushi kilicholetwa mlangoni ndiyo habari yake ya kwanza kwamba ana haki ya kuchagua. Tangu 2010 sheria ya New York inazitaka shule za mkataba ziwafikie watoto wanaojifunza Kiingereza, wenye ulemavu na wa kipato cha chini, na shule haiwezi kutimiza hilo ikiwa imekaa kimya. Hitaji nalo ni la kweli. Kura zenyewe zimewapa watafiti njia safi ya kulinganisha waliopata na waliokosa, kwa sababu tofauti yao ni bahati tu. Kazi ya Joshua Angrist, Parag Pathak na wenzao huko Boston ilionyesha waliopata nafasi wakisonga mbele sana, hasa katika hisabati. Mzazi anayesimama kwenye foleni ya shule kama hizo hajadanganywa na bango.

Tatizo langu ni kumwachia muuzaji kazi ya kumpa mnunuzi habari, kisha kuhesabu wanunuzi kwa daftari la muuzaji. Kuna miji iliyoona hivyo. Denver na New Orleans, kuanzia mwaka 2012 hivi, ziliweka fomu moja: mzazi anapanga shule kwa mpangilio wa anavyozipenda, za mkataba na za kawaida pamoja, na kompyuta inampa mtoto kiti kimoja tu, kile cha juu zaidi kinachowezekana. Washington, D.C. ikafuata. Jina halikai tena kwenye orodha tano kwa nguvu sawa, na mji unaweza kuhesabu watoto badala ya maombi. Matangazo hayakufa huko, lakini namba zinazopelekwa bungeni zina uzito unaoweza kukaguliwa.

Pasipo fomu ya namna hiyo, mzazi anaweza kuuliza mwenyewe, na simu moja hutosha. Mwaka jana mliita hadi jina la ngapi kwenye orodha? Hilo linaeleza zaidi kuliko urefu wa orodha. Mtoto akiondoka darasa la pili, kiti chake mnampa anayesubiri au mnakiacha? Zimekuwepo shule zenye foleni ndefu, Success Academy ikiwa mfano uliojulikana, ambazo kuanzia darasa fulani la msingi zilikuwa hazipokei wapya. Darasa lilipungua mwaka hadi mwaka na orodha ikaendelea kutajwa. Na la mwisho: walioanza chekechea pamoja, wangapi bado wapo?

Mama wa Uvira aliuliza. Shule moja ilimjibu kwa upole kwamba mwaka uliopita walifika hadi jina la 300 na kitu. Akaomba shule zote tatu, na pia akamwandikisha mtoto kwenye shule ya kawaida iliyo mtaa wa pili. Aprili kura ilimweka nafasi ya 140 na ushee, akahuzunika, nikamkumbusha lile jibu. Simu ililia wiki ya pili ya Agosti: nafasi imepatikana, athibitishe ndani ya siku mbili. Wakati huo mtoto alishatembezwa kwenye darasa lake la jirani, ameshamjua mwalimu, na amekuta humo mtoto mwingine anayezungumza Kiswahili. Mama akashukuru, akasema hapana, na upande wa pili wa simu akasikia kibodi ikigongwa kutafuta jina linalofuata.